Mtoto amepungua uzito, tumekosea wapi?

SWALI: Shangazi, mke wangu alijifungua alfajiri ya Jumapili. Nilikuwa nje ya wadi na beseni la nguo; niliposikia kilio, likanidondoka, kanga zote sakafuni. Kilo 3.2! Siku ya nne mizani ikasoma 3.0. Mama yangu anataka tumpe maji ya glukosi. – Baba Mpya, Kondele, Kisumu

JIBU: Hongera mwanangu. (Kanga zilifuliwa tena, natumaini.) Watoto wengi hupungua siku za mwanzo, kisha uzito hurudi ndani ya wiki 2 hivi. Glukosi ibaki dukani: maziwa ya mama pekee hadi miezi 6. Wewe hesabu nepi zilizolowa. Zikipungua, au akilala tu hataki kunyonya, mpelekeni kliniki siku hiyohiyo. Mama yako mwachie sufuria ya uji wa wimbi wa mzazi. Hapo hana mpinzani.