Singo iliyotoka Jumatatu na hesabu ya Hot 100

Umeuliza kwa nini singo ya hip hop iliyotoka Jumatatu ilianza chini kwenye Billboard Hot 100, chati ya nyimbo 100 zinazoongoza Marekani, wakati kila mtu anaisikiliza. Kalenda ndiyo iliyoibana. Wiki ya hesabu huanza Ijumaa na kufungwa Alhamisi, kwa hiyo ilipata siku 4 tu badala ya 7. Usiihukumu kwa wiki hiyo. Subiri ya pili. Ndiyo faida ya kutoa Ijumaa, siku ambayo lebo (kampuni za muziki) duniani zilikubaliana tangu Julai 2015.

Pia chati hiyo huchanganya usikilizaji wa mtandaoni, redio na mauzo. Msikilizaji anayelipia huduma ana uzito zaidi kuliko wa bure mwenye matangazo. Redio huchelewa, na kwa hip hop huchelewa zaidi kama toleo lililosafishwa matusi halikuandaliwa mapema. Toleo hilo lipewe ISRC yake, yaani msimbo wa kutambulisha rekodi, maana ni rekodi tofauti.

Dhahabu ya RIAA, cheti cha mauzo kinachotolewa na chama cha kampuni za kurekodi muziki Marekani, ni jambo jingine: yuniti 500,000, ambapo nakala moja iliyouzwa au usikilizaji 150 wa mtandaoni ni yuniti 1, na lebo lazima iombe.