Dunga si pwani, wala si bichi

Mama mmoja wa Nyalenda, Kisumu, ananiuliza: "Binti yangu wa gredi ya 6 aliandika kwenye insha kwamba Dunga ni kijiji cha pwani. Mwalimu akakata 'pwani' kwa kalamu nyekundu, akaandika juu yake 'bichi'. Nani amekosea?"

Wote wawili, mama, ila kosa la mtoto ni jepesi. Pwani imetokana na kitenzi kupwa: maji yanapwa, maji yanajaa. Aliyelala Lamu au Malindi anajua: asubuhi mashua imekaa juu ya mchanga mtupu, jioni inaelea. Dunga hakuna hilo. Ziwa letu la Victoria hupanda kwa mvua, kama mwaka 2020 lilipofurika na kuingia majumbani mwa watu, lakini halipwi asubuhi likajaa jioni. Mtoto ambaye hajaiona bahari asamehewe.

Bichi, yaani beach ya Kiingereza inayotumiwa huku kwa mahali pa kufikia mashua za wavuvi, ndiyo inayonikera, na imenikera miaka mingi. Lugha hii tayari ina bichi yake: embe bichi, yai bichi, jani bichi. Juzi redioni mtangazaji alisema "samaki wabichi wamefika bichi", akaendelea na habari bila kusita. Nilizima redio. Msikilizaji asiyelijua ziwa ataelewa nini hapo? Samaki hawajaiva, na mahali walipofika pia hapajaiva?

Tena neno lenyewe linapasingizia mahali. Ukitaja bichi, watu wanaona mchanga mweupe na wageni wamejinyoosha juani. Nenda Dunga alfajiri. Mafunjo yamesimama marefu kuliko mtu, udongo ni mweusi, unanata kwenye viatu. Omena, dagaa wa ziwani, wameanikwa juu ya nyavu kuukuu. Wanawake wameshika mabeseni, wanapatana bei na wavuvi kabla mashua haijafungwa kamba, na magamba ya samaki aina ya ngege yamekaukia kwenye visu vyao. Pale ni mahali pa kazi, na ya jasho. Kabla reli haijafika mwaka 1901 na mji ukaitwa Port Florence, Wajaluo walikuwa wakivua katika ghuba hii, na mahali pa kufikia mashua wakipaita wath. Walikuwa na neno lao kamili. Sisi wa Kiswahili tunakwenda kuokota la Kiingereza kana kwamba kwetu hakuna.

Lipo. Wenzetu wa Mwanza na Musoma, wanaovua ziwa hili hili, husema mwalo: mwalo huu, mialo hii. Zanzibar husema diko, madiko. Yote mawili ni mazuri. Mimi nachagua mwalo kwa sababu limekulia ziwani, linajua samaki wa huku, mbuta na omena.

Najua bichi imeota mizizi. Kanuni za uvuvi za mwaka 2007 zilizoanzisha vikundi vya kusimamia mialo ziliandikwa kwa Kiingereza, zikaitia nguvu, na leo "mwenyekiti wa bichi" ni cheo kinachoheshimiwa. Mvuvi akisema bichi sitamkatiza, ana nyavu za kushona. Na Dunga Beach lililoandikwa kwenye vibao ni jina la mahali, libaki kama lilivyo. Lakini mwalimu mwenye kalamu nyekundu hana udhuru. Anayemkata mtoto neno ana wajibu wa kufungua kamusi kwanza, kwa sababu mtoto yule ataibeba bichi hiyo hadi kwenye mtihani, na baadaye hadi redioni.

Binti yako aandike hivi: "Dunga ni kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Victoria, na karibu na mwalo wake kumeota mafunjo." Kisha umpeleke wewe mwenyewe na daftari lake kwa mwalimu, kwa heshima, mkaombe alama yake irudishwe.