Gurudumu la Nyuma la Bodaboda: Cheni, Breki na Tairi ni Kazi Moja

Mwenye bodaboda akikumbuka matengenezo hukumbuka oili. Siku yake ikifika anamwaga chafu, anatia mpya, anarudi kijiweni. Gurudumu la nyuma linangoja mpaka lipige kelele au cheni iruke njiani. Hata likifika kwa fundi hushughulikiwa kipande kipande: leo kaza cheni, wiki ijayo kaza breki, mwezi ujao badili beringi. Kumbe vyote hivyo vimekaa kwenye ekseli moja (mhimili wa gurudumu), na ukigusa kimoja umegusa na vingine, utake usitake.

Maelezo haya ni ya pikipiki za biashara tunazozijua: Boxer, TVS HLX, na zile za Kichina zenye injini ya aina ya CG (muundo wa Honda CG). Nyingi zina cheni namba 428, breki ya dramu nyuma, na tairi la inchi 17 au 18. Vipimo vya chombo chako viko kwenye kijitabu chake, na mara nyingi kwenye stika iliyobandikwa karibu na cheni. Vikitofautiana na hivi, fuata vya kwako.

Kupima cheni

Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, zima injini, weka frii. Usipime cheni wala kuipaka mafuta huku injini inaunguruma na gurudumu linazunguka kwa gia. Vidole hukatikia hapo, kati ya cheni na sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni). Zungusha gurudumu kwa mkono.

Shika cheni ya chini, katikati ya sproketi mbili, isukume juu kisha ivute chini. Mchezo wote, kutoka juu kabisa hadi chini kabisa, uwe milimita 20 hadi 30. Sasa zungusha gurudumu kidogo upime tena, hivyo hivyo mpaka cheni nzima ipite. Cheni iliyotumika hailegei sawasawa: kuna sehemu imekaza na sehemu inaning'inia. Kipimo ni cha sehemu iliyokaza. Fundi akikaza kwa kuangalia ile inayoning'inia, upande wa pili utabana kupita kiasi.

Kwa bodaboda, chagua 30 kuliko 20. Abiria wakikaa, shokapu zinashuka, na umbali kati ya sproketi ya mbele na ya nyuma unaongezeka kidogo. Cheni iliyoonekana sawa pikipiki ikiwa tupu inakuwa imebana ukishapakia. Madhara yake hayaonekani siku hiyo. Yanakuja baadaye: oili inavuja nyuma ya sproketi ya mbele kwa sababu sili imechoka, beringi ya shafti ya gia inaunguruma, beringi za habu (kitovu cha gurudumu) zinakwisha kabla ya wakati. Hayo ni matengenezo ya kufungua injini, kwa kosa la milimita chache.

Cheni iliyolegea sana nayo ina hatari yake, na hiyo ni ya papo hapo. Ikiruka, inaweza kujikunja kati ya sproketi ya mbele na kava la injini, ikavunja kava. Au ikanasa nyuma na kufunga gurudumu ukiwa kwenye mwendo.

Kujua kama cheni imekwisha, shika pingili moja nyuma kabisa ya sproketi kubwa uivute kuelekea nyuma. Ikiinuka mpaka unaona nusu ya jino, imekwisha. Anayetaka uhakika achukue rula: vuta cheni inyooke, hesabu pini 21 na upime kutoka pini ya kwanza hadi ya mwisho. Cheni mpya ya 428 hutoa milimita 254. Ikifika 259, itupe. Meno ya sproketi yaliyochongoka na kulalia upande mmoja ni ishara ileile. Badili seti nzima, cheni na sproketi zote mbili. Cheni mpya juu ya meno ya zamani italiwa upesi, na pesa uliyookoa itarudi kwa fundi.

Kuna tabia ya kukata pingili moja ili cheni ndefu iendelee kukazika. Cheni hairefuki kwa sababu chuma kimevutika. Inarefuka kwa sababu pini na bushi za ndani zimelika. Ukikata pingili, zilizobaki ni zilezile zilizolika.

Kukaza, hatua kwa hatua

Toa kotapini (pini ya kukunjwa inayozuia nati isifunguke) kama ipo, legeza nati ya ekseli. Baadhi ya pikipiki zina nati ya pili, kubwa, upande wa sproketi. Isipolegezwa gurudumu haliendi nyuma, na watu huishia kuharibu vidude vya kukazia kwa kulazimisha. Legeza pia nati ya lile chuma bapa linalozuia bamba la breki lisizunguke, na nati ya rodi ya breki.

Kaza vidude vya pande zote mbili kwa kiasi sawa, robo mzunguko kushoto, robo mzunguko kulia. Kwenye uma wa nyuma (mikono miwili inayoshika gurudumu) kuna alama za mistari kila upande. Upande mmoja ukisoma mstari wa tatu, na mwingine usome wa tatu. Alama zikipishana gurudumu limekaa mshazari: cheni inakula ubavu wa meno, pikipiki inavuta upande mmoja, na tairi linalika vibaya. Chuchumaa nyuma ya pikipiki utazame cheni kama inaingia sproketi ikiwa imenyooka.

Ukimaliza, kaza nati ya ekseli kisha upime cheni tena, maana kukaza kwenyewe husogeza gurudumu. Weka kotapini mpya. Iliyokunjwa na kunyooshwa mara mbili tatu hukatika, na msumari sio kotapini.

Sasa lile chuma bapa. Ukibana breki, dramu (bakuli la breki ndani ya habu) linataka kuzungusha bamba la breki pamoja na gurudumu, na kinachozuia ni chuma hicho tu na bolti zake mbili. Bolti ikidondoka, bamba linazunguka, rodi inapinda, gurudumu linaweza kufunga ghafla. Hii ndiyo nati ninayoiogopa kuliko zote kwenye pikipiki, na ndiyo inayosahaulika zaidi baada ya kuziba pancha. Kila gurudumu likifunguliwa, hata kama fundi ni wa kuaminika, iguse mwenyewe kwa spana kabla ya kuondoka.

Breki baada ya cheni

Umerudisha gurudumu nyuma, lakini pedeli ya breki haikusogea. Rodi imevutwa, na breki imejikaza yenyewe bila mtu kuigusa. Hapa ndipo madereva wengi huharibu chombo. Wanakaza cheni asubuhi, wanaingia barabarani breki ikiwa inagusa kidogo. Mchana habu haishikiki kwa moto, mafuta yanakwenda, breki inaanza kunuka. Grisi ya beringi ikiyeyuka inatiririka kwenye brekishuu (vipande vinavyosukumwa kubana dramu), na ukibana jioni hakuna kitu.

Pedeli inatakiwa ishuke milimita 20 hadi 30 kabla breki haijaanza kushika. Rekebisha kwa nati iliyo mwisho wa rodi. Nati hiyo ina kijibonde kinachokaa juu ya pini, kwa hiyo hujifunga kila nusu mzunguko. Hakikisha imekaa kwenye kibonde chake, la sivyo itajisogeza yenyewe barabarani na kipimo chako kitapotea. Kisha zungusha gurudumu kwa mkono. Lizunguke huru, bila kukwaruza. Kanyaga pedeli uangalie taa ya breki inawaka mapema. Swichi yake ina springi na nayo inataka kurekebishwa.

Kwenye mkono wa breki pale habuni kuna mshale, na kwenye bamba kuna alama. Kanyaga breki mpaka mwisho: mshale ukifika kwenye alama, brekishuu zimekwisha. Usikubali fundi autoe mkono huo na kuurudisha ukiwa umesogezwa jino moja ili "breki ipande". Kweli itapanda. Lakini mshale utakuwa unasema uongo kuanzia siku hiyo, na ile kamu ya ndani (inayogeuka kuzisukuma brekishuu) inaweza kugeuka kupita kiasi ikakwama, breki isiachie tena.

Brekishuu iliyolowa oili au grisi haioshwi kwa petroli ikapona, badili. Ndani ya dramu pangusa kwa kitambaa kilicholowa maji. Usipulize vumbi lake kwa mdomo wala kwa kompresa, ni vumbi la kuharibu mapafu. Dramu nalo hupanuka kwa kulika: kwenye habu nyingi kipimo cha mwisho kimechorwa, mara nyingi milimita 1 juu ya kipenyo cha awali, yaani 111 kwa dramu la 110 na 131 kwa la 130. Likizidi hapo, brekishuu mpya hazitakusaidia sana.

Tairi na spoku

Boxer hujazwa psi 25 mbele. Nyuma ni 28 ukiwa peke yako na 32 ukiwa na abiria. Pima asubuhi tairi likiwa baridi, kwa geji. Kidole hakijui tofauti ya 20 na 30. Tairi lenye upepo mdogo linasogea juu ya rimu kila unapobana breki, na tyubu inasogea nalo. Angalia pua ya tyubu inapotokea kwenye rimu: ikiwa imelala upande badala ya kusimama wima, tyubu imeanza kuburutwa na siku moja pua itang'oka. Hiyo si pancha ya taratibu, upepo wote unatoka mara moja.

Spoku zipige moja moja kwa spana ndogo. Zinazolia kwa sauti kali ni nzima, inayotoa sauti nzito imelegea. Kaza kidogo kidogo. Ukiikaza moja sana rimu inapinda, na ncha ya spoku inaweza kutokeza ndani na kutoboa tyubu. Kisha shika tairi juu na chini ulitikise kwa ubavu; likicheza, ni beringi za habu au bushi za uma.

Mafuta ya cheni sitayachelewesha: safisha kwa mafuta ya taa na brashi, kausha, paka oili ya gia ndani ya cheni ya chini huku ukizungusha gurudumu, pangusa inayobaki juu. Fanya hivyo kila kilomita 500 hivi, na kila baada ya mvua. Usipake oili chafu iliyomwagwa kutoka injini: ina chembe za chuma na masizi, na ikichanganyika na vumbi la barabara ya udongo inasaga pini kama msasa.

Abiria na mzigo

Khanga, dira, baibui na mtandio unaoning'inia nyuma ndivyo vinavyoingia kwenye spoku na cheni. Nguo ikinaswa humvuta abiria chini na inaweza kufunga gurudumu. Kava la cheni lina kazi ya kuzuia hilo. Waliolikata ili fundi afikie cheni kwa urahisi wamefanya biashara mbaya. Kabla ya kuondoka, mwambie mama au dada akusanye nguo na kuikalia. Mtoto ambaye miguu haifiki kwenye vikanyagio kisigino chake kinacheza karibu na spoku, na jeraha lake huwa baya. Mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, ina madhara mengi, ila kwa gurudumu la nyuma ni haya: mtu wa tatu anakaa nyuma ya ekseli, anainua uzito kutoka tairi la mbele, na usukani unakuwa mwepesi wakati breki ya mbele inahitajika zaidi.

Maana breki ya mbele ndiyo inayosimamisha pikipiki. Ukibana, uzito unahamia mbele na tairi la nyuma linabaki jepesi, kwa hiyo anayetumia mguu peke yake anateleza tu. Bana zote mbili pamoja, ya mbele kwa kuongeza taratibu, usukani ukiwa umenyooka. Kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa unakwenda karibu mita 17 kila sekunde, na sekunde hiyo moja huisha kabla hata kidole hakijafika kwenye breki.

Kwenye mteremko mrefu, tuseme Kitonga au ile njia ya kushuka Lushoto kwenda Mombo, usitie frii kuokoa mafuta. Dramu likipata moto hupanuka na kuzikimbia brekishuu, na pedeli inashuka bila kushika. Weka gia ya tatu au ya pili, acha injini izuie, gusa breki na kuachia. Ukivuka maji, endesha taratibu mita kadhaa huku umekanyaga breki kidogo mpaka ikauke na kushika tena.

Chini ya kiti weka spana ya nati ya ekseli, spana ndogo ya rodi, koleo, kotapini mbili na klipu ya akiba ya cheni. Klipu huvaliwa upande wake uliofungwa ukitazama cheni inakokwenda. Ikivaliwa kinyume, jiwe dogo likigonga mdomo ulio wazi linaichomoa.