Msumeno wa umeme kwa laki mbili na nusu: angalia kitako kabla ya wati

Mkuu, umesema una laki mbili na nusu, umepanga nyumba yenye kibaraza kidogo, na unataka Jumamosi zako ujitengenezee rafu, meza ya TV na baadaye kitanda. Ukauliza: jigso (ule wa bledi nyembamba inayopanda na kushuka), msumeno wa mviringo wa kushika mkononi, au usubiri mwezi mwingine uongeze hela upate msumeno mdogo wa meza? Mimi nilikuwa na swali hilohilo miaka sita iliyopita hapa Dar, nikanunua vibaya, ikabidi ninunue tena. Nitakujibu kwa urefu maana hela ya kununua mara mbili najua inavyouma.

Chukua msumeno wa mviringo wa mkononi, bledi ya milimita 185, yaani inchi 7 na robo. Ukikata wima unashuka kama milimita 65, kwa hiyo mbili kwa nne na mbili kwa sita zinaisha kwa pasi moja, na plaiwudi ya marine ya milimita 18 ni kazi ndogo kwake. Wati 1200 hadi 1400 zinakutosha kabisa.

Jigso nilianza nayo mimi. Ni nzuri kwa kona za duara na kutoboa tundu la sinki, ila bledi yake imeshikwa juu tu. Ikiingia kwenye mbao nene, chini inapinda huku wewe juu unaona mstari umenyooka. Rafu yangu ya kwanza nilipoisimamisha, kwenye maungio kulikuwa na mwanya unaoingia sarafu ya shilingi mia. Inunue baadaye, ikiwa chombo cha pili.

Msumeno wa meza wa bei ya chini ungoje pia. Ile geji ya pembeni inayoongoza mbao ndiyo roho ya msumeno wa meza, na kwenye zile za bei nafuu nilizozishika geji inacheza. Ikikaa upande kidogo tu, mbao inabanwa kati yake na bledi halafu inarushwa kifuani kwako.

Na kuna wenzetu humu watakwambia ufunge bledi ya mbao kwenye grenda, kwa kuwa grenda tayari unayo. Nakuomba sana usifanye hivyo hata kwa kipande kimoja. Grenda ndogo ya milimita 115 inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Msumeno wa mviringo ni kama mara 5,000 tu. Halafu grenda haina kitako cha kukaa juu ya mbao, wala kava linalojifunga lenyewe. Meno yaking'ata vibaya inaruka, na mkono ulioishika hauwezi kuizuia. Nimemwona fundi wa mtaani kwetu aliyepoteza vidole viwili namna hiyo, mtu aliyekuwa amefanya kazi ya mbao miaka mingi kuliko mimi na wewe.

Sasa kwenye kununua. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuchagua kwa wati. Nilikwenda duka moja Gerezani, nikapanga mashine tatu kwenye kaunta, nikachukua yenye namba kubwa kwenye lebo. Kitako chake kilikuwa bati jepesi lililokunjwa pembeni. Wiki ya tatu ilianguka kutoka kwenye stuli, kona ikapinda kiasi ambacho kwa macho huoni. Tangu siku hiyo kila ubao niliokata ulikuwa na ukingo uliolala. Nikabadilisha bledi, nikalaumu mbao, nikalaumu mikono yangu. Mpaka nilipoilaza mashine kwenye kioo cha meza ndipo nikaona inayumba kama kiti chenye mguu mfupi.

Kwa hiyo ukienda dukani beba skwea yako, kile kipimo cha pembe mraba. Mashine ikiwa haijachomekwa, ilaze kwenye kaunta ya kioo, bonyeza kona nne moja moja, isiyumbe. Shusha bledi hadi mwisho, vuta kava, weka skwea kati ya kitako na ubapa wa bledi, ukikwepa ncha za meno kwa sababu zimetanuka zaidi ya ubapa na zitakudanganya. Mwanga usipite. Shika bledi uitikise kulia na kushoto. Ukisikia inacheza, beringi si nzuri, rudisha. Achia kava uone: lirudi lenyewe haraka, bila kusuasua. Kisha kaza skrubu ya kina na ya pembe, sukuma kwa nguvu uone kama zinateleza. Hapo ndipo bei rahisi hujificha. Mashine za chapa ya Ingco na Total zimejaa madukani na ni ngazi ya bajeti yako, lakini hata mbili za modeli moja hazifanani, hivyo pima ile utakayoondoka nayo na si ile ya maonyesho. Ulizia pia kaboni za akiba za modeli hiyo, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota na kulika taratibu. Kaboni zikiisha na hazipatikani, mota nzima inabaki chuma chakavu.

Usitumie hela yote kwenye mashine. Bakisha ya bledi. Inayokuja ndani ya boksi mara nyingi ina meno 24, inafaa kupasua mbao kwa urefu, lakini marine utaiona imechanika ukingo mzima kama imetafunwa na panya. Nunua ya meno 40, yenye ncha za kabaidi, nyembamba, ambayo ufa inaouacha kwenye mbao ni kama milimita 2. Mota ndogo haitahangaika nayo. Kabla ya kulipa soma tundu la katikati: kuna 20, kuna 25.4, kuna 30, na lazima lilingane na ekseli au liwe na pete yake. Soma pia mwendo wa juu ulioandikwa kwenye bledi, uwe juu kuliko wa mashine. Kwa paini ya Sao Hill bledi hiyo itakaa muda mrefu, ila utomvu utaganda kwenye meno. Ivue, isugue kwa brashi na mafuta ya taa, ifute ikauke kabisa. Mtiki una chembe za mchanga ndani ya nyuzi zake, na mvule wakati mwingine unaficha mawe kabisa ya chokaa, kwa hiyo mbao hizo zinamaliza ncha haraka. Vumbi la mvule nalo linawasha pua na macho, vaa barakoa.

Kilichobadilisha kazi yangu zaidi ya mashine yenyewe ni reli ya kujitengenezea. Chukua plaiwudi ya milimita 6, urefu sentimita 140, upana 30. Juu yake gundisha kipande cha MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ya milimita 9, upana sentimita 8, ukitumia ukingo uliotoka kiwandani kwa sababu huo umenyooka. Usiweke MDF ya 18, mota itagonga ukishusha bledi hadi mwisho. Gundi ikikauka, bana kwenye meza, egemeza kitako kwenye MDF, kata plaiwudi iliyozidi. Ukingo uliobaki ndio mahali hasa bledi inapopita. Kuanzia hapo unaweka ukingo huo juu ya alama ya penseli, klampu mbili, unakata. Hakuna hesabu ya kutoa upana wa kitako. Kila msumeno uwe na reli yake, na uso mzuri wa ubao uangalie chini kwa sababu meno yanakata yakipanda juu.

Kuhusu kuumia, nitakueleza lililonipata. Niliweka karatasi nzima ya marine, futi nane kwa nne, kati ya stuli mbili nikaikata katikati. Nilipokaribia mwisho ikalegea, ufa ukafunga, ukabana bledi. Msumeno ulirudi nyuma ukapita pembeni ya paja langu, suruali ikachanika. Kava ndilo liliniokoa. Mzee mmoja wa Keko, aliyetumia maisha yake kutengeneza samani, aliniambia nitandike mbao nne za mbili kwa mbili chini, mbili kila upande wa mstari, na karatasi ilale juu yake yote. Nusu zote mbili zikiwa zimebebwa, ufa haufungi. Bledi ishuke chini ya ubao milimita 5 tu. Na usisimame nyuma ya msumeno, simama pembeni kidogo ya mstari wake.

Kwenye kibaraza utahitaji ekstensheni. Waya wake uwe wa milimita za mraba 1.5, na uukunjue wote hata kama soketi iko karibu. Uliozungushwa unapata moto. Jioni umeme ukishuka na mota ikaanza kulia kwa uzito, acha kazi hadi kesho. Za betri zinavutia, lakini kwa bajeti hii betri na chaja vitameza hela ya msumeno wenyewe. Ukiona moja imeandikwa volti 20 na nyingine 18, ni kitu kimoja: 20 inapimwa betri ikiwa imejaa bila mzigo.

Ukifika nayo nyumbani, kabla hujagusa marine yako, chukua kipande cha mbili kwa nne cha paini, kikate katikati, pindua nusu moja juu chini, kisha ziunganishe nyuso mbili zilizokatwa juu ya meza. Kosa la pembe hapo linaonekana mara mbili. Mwanga ukipita juu au chini, legeza skrubu ya pembe, sogeza kidogo sana, kata tena hadi ziungane.