Kabla ya kushika kijiti, kaa kwanza na viola

Kila mwaka wa masomo unapoanza, hakosi mwanafunzi wa kubisha hodi ofisini kwangu: "Mwalimu, nifanyeje niwe kiongozi wa okestra kama wewe?" Namuuliza anapiga chombo gani. Akisema hana, namkabidhi viola, chombo kama fidla ila kikubwa kidogo na chenye sauti nzito zaidi.

Mimi mwenyewe niliipiga miaka minne. Viola hukaa katikati na mara chache hupewa wimbo mkuu, kwa hiyo sikio linapata nafasi ya kuwasikia wengine: nani anakimbiza mapigo, nani amepoteza mstari. Ukiwa mbele na kijiti cha kuongozea mkononi, hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Mara ya kwanza kuongoza wanafunzi, tulipiga Simfonia ya Tano ya mtunzi Beethoven, iliyosikika kwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1808. Noti zake nne za mwanzo zinajulikana dunia nzima. Lakini kwenye karatasi, kinachotangulia ni kimya cha nusu pigo. Mimi nilishusha mkono pamoja na noti. Fidla zikaingia, klarineti, vile vyombo vya kupuliza, zikachelewa, na wote wakaniangalia. Niliumia sana, maana walikuwa wamejiandaa kuliko mimi. Mkono unashukia kwenye kile kimya, na pumzi unaivuta kabla yake. Tangu siku hiyo siingii mazoezini kabla sijaisoma karatasi ya vyombo vyote hadi niweze kuimba sehemu ya kila mmoja.

Kama umelelewa kwenye kwaya ya kanisa na unasoma solfa tu, usione haya. Jifunze noti za mistari, ni lazima, ila solfa yako usiitupe. Kwenye okestra sauti huitwa kwa herufi, na mpiga klarineti ya B-flati akisoma C, inayosikika ni B-flati. Mpiga honi ya F, chombo cha shaba cha kupuliza, akisoma C, inasikika F. Wanafunzi wengi hili huwasumbua muhula mzima. Wanakwaya wangu hulielewa haraka, kwa sababu wamezoea do inayohama, yaani do inayoweza kuwekwa kwenye sauti yoyote.

Vyeti navyo vinahitajika: ukitaka kufundisha chuo kikuu, kwa kawaida utadaiwa shahada ya uzamili, na ukitaka kupanda cheo, ya uzamivu. Jiandae pia kusahihisha mitihani usiku, na kuweka akiba ya nyuzi za E za fidla, kwani ndizo zinazokatika zaidi.

Msichana mmoja niliyempa viola mwaka jana aliondoka ofisini kwangu akiwa amenuna. Alhamisi iliyopita aliinua mkono katikati ya mazoezi: "Samahani Mwalimu, klarineti ya pili iko chini kidogo ya sauti inayotakiwa." Tulisimama, tukasikiliza. Ilikuwa kweli, na mimi sikuwa nimeisikia. Wiki ijayo dakika kumi za mwisho wa mazoezi ni zake, na kijiti nitamwachia.