Kwa wanaoanza utafiti wa fukusi wa kunde: namna ya kupima mvutano wa dume na jike

Anayeanza somo hili huuliza kwanza: majike wa ukoo huu, yaani kundi la fukusi linalozalishwa peke yake maabara kizazi hadi kizazi, wanaumizwa na madume wao? Swali hilo halitoshi. Vizazi vikipita, madume wanaweza kuzidi ukali na majike nao wakazidi ustahimilivu kwa kiasi kilekile. Ukiwapima wenyewe kwa wenyewe, utakuta umri wa majike haujabadilika, nawe utaandika kwamba hakuna mageuzi. Mageuzi yapo, ila kila upande unauficha mwenzake. Ili uyaone, pandisha dume wa ukoo mmoja na jike wa ukoo mwingine. Mipango yote ya maabara ianzie hapo.

Fukusi wa kunde, Callosobruchus maculatus, anafaa sana kwa kazi hii. Mdudu mzima hahitaji chakula wala maji, kwani alishakula akiwa buu ndani ya punje. Kwenye nyuzi joto 27 hadi 30 kizazi kimoja huchukua takriban wiki nne. Dume ana miiba kwenye kiungo chake cha uzazi, na miiba hiyo humchana jike kwa ndani. Mnamo 2000, Crudgington na Siva-Jothy walionyesha kwamba jike humpiga dume mateke kwa miguu ya nyuma, na akizuiwa kupiga, kupandana hurefuka na majeraha huongezeka. Mwaka 2012 timu ya Hotzy ilipunguza miiba hiyo kwa leza, na madume waliopunguzwa wakapata watoto wachache kwenye ushindani wa manii, yaani jike anapopandwa na dume zaidi ya mmoja. Kwa hiyo miiba inamlipa dume, na jike ndiye anayebeba gharama.

Tafuta kunde zisizotiwa dawa ya ghalani. Zigandishe kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja, ili mayai na mabuu waliokuwemo wafe. Kisha ziache kwenye chombo kilichofungwa hadi zirudi kwenye joto la chumba. Ukifungua mapema zitashika umande, halafu ukungu.

Kupata mabikira ndiko kunakowashinda wengi. Jike anaweza kupandwa muda mfupi tu baada ya kutoka kwenye punje, hivyo ukisubiri watoke ndani ya chupa ya pamoja umeshachelewa. Tenga kila punje yenye yai kwenye kishimo chake, na kagua kila siku. Chagua punje zenye yai moja tu: mabuu wawili wakigawana kunde moja hutoka wadogo, na udogo wa mwili peke yake hupunguza mayai. Ukitaka kutofautisha jinsia, tazama ncha ya tumbo: ya jike ina mabaka meusi pembeni na mstari mweupe katikati, ya dume ni ya rangi moja.

Sasa unda koo. Kwenye koo za jozi, kila jike hupewa dume mmoja aliyechaguliwa kwa kura. Kwenye koo za kundi, wote huachwa wachangamane. Hapa kuna mtego: kwenye kundi madume wachache huzalisha watoto wengi, kwa hiyo idadi halisi ya wazazi hushuka. Usipoongeza wadudu kwenye koo za kundi, undugu utazidi, majike watakufa mapema, nawe utadhani ni ukali wa madume. Holland na Rice walifanya jaribio la namna hii kwa nzi wa matunda na kutoa matokeo mwaka 1999: baada ya vizazi 47 vya jozi, madume walikuwa wapole zaidi kwa wenzi wao na majike walikuwa wamepoteza sehemu ya ustahimilivu.

Kabla ya kupima, lea koo zote katika mazingira yaleyale kwa kizazi kimoja au viwili, ili athari zitokazo kwa mama zisichanganyike na urithi. Kisha fanya michanganyo yote minne: jozi kwa jozi, jozi kwa kundi, kundi kwa jozi, kundi kwa kundi. Andika muda wa kupandana, dakika ya teke la kwanza, mayai, na siku alizoishi jike. Kuhesabu mayai si kazi ngumu: lililoanguliwa huwa jeupe kwa vumbi la punje analolisukuma buu nyuma yake, lisiloanguliwa hubaki angavu.

Wape majike wote idadi moja ya kunde. Anayekosa pa kutagia huzuia mayai na huishi zaidi. Hali ya maji nayo iwe moja. Dume humwachia jike majimaji mengi pamoja na manii, na jike mwenye kiu hukubali kupandwa mara nyingi zaidi. Ukiwapa maji baadhi yao tu, tofauti utakayoiona itakuwa ya kiu.

Wakati wa kuchambua, hesabu koo, usihesabu wadudu. Ukiwa na koo nne za kila aina, una sampuli nne tu kwa kila aina, hata ukipima majike mia tano.