Mahindi yaliyoota ukungu hayasafishwi na jua

Swali: Daktari, mahindi yangu yaliloa stoo yakaota ukungu. Nimeyaanika na kuyapepeta, hayanuki tena. Jirani anasema niwasagie ng'ombe wa maziwa, tumbo lao linavumilia. Sokoni kuna kijana anauza unga mweusi wa kuua sumu. Niutumie? (Mama mfugaji, Goma)

Jibu: Usiwape, Mama. Na huo unga mwachie mwenyewe.

Hili la kuanika nalisikia kila msimu wa mvua. Jua linakausha ukungu, lakini sumu iliyokwisha kuingia ndani ya punje haiondoki na harufu. Sumu hiyo ya ukungu, aflatoksini, inahimili joto la zaidi ya nyuzi 200. Jua letu la mawingu litaifanya nini? Punje yaweza kung'aa na bado ikawa nayo.

Jirani yako kasema nusu ya kweli. Ng'ombe mzima anavumilia kuliko kuku au ndama, na hapo ndipo tunapodanganyika. Anakula, anakamuliwa, hana dalili, kumbe ini lake limegeuza sehemu ya sumu kuwa aflatoksini M1, nayo inatoka kwenye maziwa ndani ya siku moja. Maziwa hayo unampa mtoto. Kuyachemsha hakusaidii. Ukiyagandisha jibini kama ile ya Masisi ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu M1 hushikamana na protini, ikajikusanya humo mara kadhaa kuliko kwenye maziwa. Ukiacha chakula hicho leo, maziwa husafika baada ya siku chache.

Sasa hao wa unga. Mara nyingi ni makaa yaliyosagwa, au antibiotiki iliyopondwa. Antibiotiki inaua bakteria. Sumu si mdudu, utaiuaje? Upo udongo wa bentonaiti unaonasa aflatoksini tumboni, ila huchanganywa kwa kipimo, na hauzuii sumu nyingine za mahindi kama fumonisini. Pakiti isiyo na jina wala kipimo si dawa.

Wala usiyapeleke kwa kuku. Uingereza mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa mashudu ya karanga yenye sumu hii. Yafukie.

Wanaonitia hasira hasa ni wauzaji wanaochanganya gunia bovu na mazuri manne "ili ipungue", kisha wanasaga. Kwenye unga huoni kitu. Nunua punje nzima, kavu, usage mwenyewe kidogo kidogo, na magunia yakae juu ya mbao, yasiguse sakafu wala ukuta. Muuzaji akikataa kufungua gunia, ondoka na pesa yako.